Pengwini wa Steshenari na Potwe wa Babu

Wiki tatu zilizopita binti yangu wa darasa la nne karudi nyumbani na projekti. Chagua mnyama mmoja wa baharini, anaishi wapi, anakula nini, tumlinde vipi, bandika kwenye manila, lete Jumatatu. Mi nilifurahi kweli manake kwa mara ya kwanza naona kazi ya nyumbani inayohusu kitu ninachokijua, mi mtoto wa kisiwa cha Mafia bwana, nimekua naanika uduvi, wale kamba wadogo wadogo, uani. Nikaacha hela ya steshenari nikaenda zangu kazini.

Jioni narudi, mezani kuna pengwini.

Pengwini, jamani. Kaprintiwa kwa rangi, maelezo kurasa mbili kwa Kiingereza ambacho hata mi ilibidi nisome mara mbili, na mwisho kabisa jinsi ya kumlinda: tusitupe takataka baharini, tupande miti. Namuuliza umemtoa wapi huyu, ananiambia kaka wa steshenari anaye tayari kwenye kompyuta, kawaprintia watoto sita wa darasa lao, wengine wawili wamechukua dubu mweupe. Kaka wa watu simlaumu, biashara ni biashara. Lakini sisi tunakaa Kigamboni, mtoto anavuka na kivuko kwenda shule, bahari anaiona asubuhi na jioni, halafu mnyama anayemlinda ni wa kwenye barafu. (Najua pengwini wapo mpaka Afrika Kusini, usinirukie. Huyu aliyeprintiwa alikuwa amesimama kwenye theluji.)

Nikasema hapana, huyu tunamrudisha. Nikampa simu, nikamwambia mpigie babu.

Shikamoo babu, marahaba mjukuu wangu, babu wanasema nifanye mnyama wa baharini. Mzee wangu kavua miaka arobaini na ushee, sasa hivi magoti yamegoma anakaa barazani Kilindoni, hukohuko Mafia, anarekebisha madema ya watu, ile mitego ya samaki. Alivyosikia swali akacheka, akauliza, bahari ipi? Hilo nadhani ndilo swali ambalo ilitakiwa mwalimu aulize kwanza. Yetu babu, ya hapo kwenu. Basi fanya potwe.

Kama hujui, papa potwe ndio yule samaki mkubwa kuliko samaki wote duniani, mgongo umejaa madoa meupe. Upande wa Kenya wanamwita papa shilingi, wanasema Mungu alivyofurahishwa naye akamrushia sarafu mgongoni. Binti akauliza lile swali la watoto wote, anakula watu? Babu akamwambia yule hana hata meno ya kutafunia mkate, anakula uduvi, anapita kafungua mdomo kama anapiga miayo. Akamweleza kwamba kuanzia kama Oktoba mpaka Machi wanasogea karibu kabisa na Kilindoni, unaweza kuwaona kutoka kwenye mtumbwi. Na wavuvi wa mtando wanamtafuta kwa sababu alipo potwe na samaki wapo, wanazungusha wavu hapohapo, mara nyingine na yeye mwenyewe anajikuta ndani, inabidi wamtoe. Babu akasema zamani wengine walimchukia kwa kuharibu nyavu. Leo wale wale wanabeba watalii kwenda kumwangalia.

Dakika 25 za simu. Binti anaandika mpaka mkono unauma, anauliza babu rudia hapo, babu subiri. Baadaye ndio tukaingia Google, na hapo ndipo nilipoona utafiti unavyotakiwa kwenda, manake sasa alikuwa na cha kutafuta. Akakuta babu kakosea, potwe anayo meno, tena maelfu, ila madogo sana na hayamsaidii kula. Akakuta kwamba yale madoa hayafanani kati ya samaki na samaki, watafiti wanayapiga picha kumtambua mmoja mmoja, kama alama za vidole vyetu. Na akakuta kitu ambacho mi mwenyewe na ukubwa huu sikuwahi kukifikiria: Hifadhi ya Bahari ya Mafia ipo tangu 1995, ya kwanza Tanzania, lakini eneo la Kilindoni ambako potwe wanakuja kula liko nje ya mpaka wake. Mtoto wa miaka tisa ananiuliza, mama, kwani potwe anajua mpaka uko wapi? Sasa hilo si ndilo swali la jinsi ya kumlinda? Takataka na miti vimetokea wapi?

Tukajaribu na nguva pia, alikuwa anataka kulinganisha. Ukiandika nguva kwenye mtandao ukabonyeza picha unaletewa wanawake wenye mikia ya samaki, wamevaa shanga, nywele mpaka kiunoni. Mnyama mwenyewe, yule mnene mpole anayekula nyasi za chini ya bahari, ambaye huku kwetu wamebaki wachache sana, zaidi maeneo ya Rufiji, Mafia na Kilwa, ilibidi tumtafute kwa Kiingereza ndio akaonekana. Jina ni letu, lakini kwenye mtandao limeshachukuliwa na watu wa hadithi. Niliumia kidogo, sitadanganya.

Haya, kazi ikapelekwa. Potwe kachorwa kwa mkono, kapakwa rangi, maelezo kwa Kiswahili na Kiingereza, chini kaandika chanzo cha habari: Babu, Kilindoni, na mtandao. Ikarudi na 11 kwa 20. Kwenye neno babu kuna duara jekundu na alama ya kuuliza. Mapengwini yalipata 16.

Shule siitaji na mwalimu simsemi vibaya, ana watoto hamsini na kitu, na mtaala umemwambia picha, makazi, chakula, njia za kulinda. Ila lile duara limenikaa rohoni, manake linamwambia mtoto kwamba mtu aliyekaa baharini miaka arobaini sio chanzo na karatasi iliyoprintiwa na mtu ambaye hajaisoma ndio chanzo. Mi naona ni kinyume kabisa. Mzee anaweza kukosea, kakosea meno hapo juu, lakini umeona, mtoto alimpata kosa kwa sababu alimsikiliza vizuri kisha akaenda kuhakiki. Yule wa pengwini hakuna alichohakiki, hata picha hakuikata yeye.

Na hii mada watu wanaichukulia kama pambo, eti wanyama wa baharini, vitu vya kuchora na kupaka bluu. Machi 2024 Kisiwa Panza, kule Pemba, watoto wanane na mtu mzima mmoja walikufa baada ya kula nyama ya kasa, yule kobe wa baharini, wengine 78 wakalazwa. Na haikuwa mara ya kwanza, Novemba 2021 walikufa watu saba Pemba hiyohiyo kwa nyama hiyohiyo. Kasa mara nyingine anabeba sumu, wataalamu wanadhani inatokana na mwani wenye sumu unaoingia kwenye chakula chake, na sumu hiyo haitoki hata uchemshe mpaka maji yakauke, dawa yake hakuna, na wanaoumia zaidi ni watoto. Hata anayenyonya anaweza kuipata kwa mama. Nilipomuuliza mzee kuhusu hili akanyamaza kwanza, halafu akasema sisi tulikuwa tunakula, tukisikia pahala watu wamekufa tunaacha, ikipita miezi tunarudia, tunasema kasa wa safari hii mzuri. Basi. Mtoto wa pwani akimfanyia kasa utafiti darasa la nne, akarudi jioni akakuta chungu kiko jikoni, atakuwa na la kusema. Akimfanyia pengwini atakaa ale.

Tena kasa ana mambo ya kumshika mtoto asilale. Anataga mayai mia na zaidi kwenye shimo moja, mchanga ukiwa wa moto wengi wanatoka majike, ukipoa wanatoka madume. Wakianguliwa usiku wanafuata mwanga wa bahari, kama hotelini kuna taa kali wanaelekea hotelini. Hapo mtoto ameshapata jinsi ya kumlinda bila kuambiwa: zimeni taa. Na Watamu, pwani ya Kenya, kuna utaratibu wa miaka mingi, tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, mvuvi akimnasa kasa kwenye wavu anapiga simu, watu wanakuja wanampima wanamwachia, mvuvi anapewa kifuta jasho kidogo cha usumbufu. Sio hela nyingi, ila wamewaachia maelfu kwa maelfu. Hii ndio habari ya kumpa mtoto abandike kwenye manila, manake ina mtu, ina wavu ulioharibika, ina hela, ina ubishi ndani yake.

Zanzibar wenzetu wako mbele hapa, lazima niseme. Kisiwa cha Chumbe, ambacho mwamba wake ulifungwa kwa uvuvi 1994, wamekuwa wakipeleka watoto wa shule miaka na miaka, wanavalishwa miwani na maboya wanaingizwa majini kuangalia matumbawe, na walinzi wa pale wa mwanzo walikuwa wavuvi. Wengi wa watoto hao, hasa wa kike, wamezaliwa kisiwani na hawajawahi kuingiza kichwa kwenye maji ya bahari. Mwanangu mimi hivyohivyo, anavuka kila siku na hajui kuogelea. Hilo ni langu, shule haihusiki, nimeshamwambia baba yake tutalifanyia kazi.

Wengine mtaniambia sio kila mtoto ana babu Mafia. Sawa. Wa Dodoma aanze na muuza dagaa sokoni, amuulize hawa wa Mafia au wa Kigoma, na tofauti yao nini, hapo keshafika ziwani na baharini kwa siku moja. Wa Dar anayo Feri, soko la samaki.

Na sisi ndio tumeishia Feri. Jumamosi iliyopita nimeenda kununua pweza, binti kang'ang'ania kuja na daftari, sasa hivi yuko kwenye pweza kwa hiari yake, hakuna aliyemtuma. Keshanisimulia kwamba jike anataga mara moja tu maishani, anakaa kulinda mayai bila kula, yakianguliwa anakufa. Kwamba kuna vijiji vinafunga mwamba miezi kama mitatu pweza wakue, manake wanakua haraka mno, siku ya kufungua akina mama wanatoka na mizigo. Na kwamba kwa kanuni za Tanzania pweza wa chini ya gramu 500 haruhusiwi kuvuliwa.

Nimeshachagua wangu, wawili, wadogo wadogo hivi, wale wanaoiva haraka. Binti akamwambia muuzaji, shikamoo, naomba umpime huyu.

Muuzaji akanitazama mimi. Dada, mnanunua au mnafanya sensa?

Nikasema mpime tu kaka yangu. Akamtupia kwenye mzani, 410. Wa pili 380. Binti akaandika kwenye daftari zote mbili, na mstari chini. Muuzaji akawarudisha kwenye beseni polepole, akaingiza mkono chini ya meza akatoa mmoja mkubwa, kilo na robo, bei yake acha tu, akanifungia bila hata kuniuliza kama namtaka.

"Huyu mwanao," akasema, "kesho umwache nyumbani."