Umepona? Niulize baada ya miaka sita

Jumapili iliyopita binti yangu kaangusha chupa ya chai. Zile zenye kioo kwa ndani, mnazijua, ikianguka haipigi kelele sana, inatoa kamlio ka tumboni afu ukiitikisa unasikia chwa chwa chwa. Mi nikasikia ule mlio nikawa na miaka tisa. Sisemi nilikumbuka, nasema nilikuwa na miaka tisa, Igogo, nyumbani kwa baba mdogo, na mgongo ukaanza kuwaka hata kabla sijageuka kuangalia nani kavunja.

Nikatoka nje. Nyuma ya nyumba kuna jiwe (Mwanza hii nani hana jiwe nyuma ya nyumba), upande wa kivuli lina ubaridi hata saa saba mchana. Nikaweka viganja vyote viwili pale, nikaanza kutaja ninavyoviona, ndoo, kamba ya nguo, kunguru, ndala moja ya mke wangu, bomba. Dakika nne hivi. Narudi ndani binti kasimama palepale, ananiangalia usoni. Nikamwambia usishike hivyo vioo kwa mkono mama, lete kizoleo.

Basi. Hayo ndo matokeo ya terapia yangu, ile tiba ya kukaa na mshauri mnaongea, miaka sita tangu nimalize. Naandika kwa sababu jamaa yangu mmoja tunayeshinda naye mwaloni Kirumba aliniuliza, "we, na zile hela zote ulizopeleka kwenda kupiga stori, ulipona?" nikababaika, nikacheka, nikabadilisha mada tukaongelea bei ya dagaa. Ila swali limenikaa.

Tatizo letu kupona tunakujua kwa malaria. Dozi ya mseto, vidonge 24, siku tatu, kwisha. Mtu anaenda kwa mshauri nasaha mara mbili, ya tatu anaona anaota ndoto mbaya kuliko zamani, anasema hawa watu wananichanganya, anaacha. Mi mwenyewe nilitaka kuacha mwezi wa kwanza. Nilikuwa nashuka Kamanga pale nasimama naangalia feri inapakia magari, inaondoka, nimesimama tu, kwa sababu nyumbani sitaki kurudi na kazini siwezi. Mke wangu akasema bora ulivyokuwa mwanzo. Na hakukosea, kwa wakati ule bora ilikuwa mwanzo!

Kuna utafiti wa Ujerumani ulitoka 2020, huwa naurudia sana. Wanawake 193 walionyanyaswa utotoni, matibabu mwaka mzima, mpaka vikao 45. Sio vitatu, 45. Waligawanywa makundi mawili kwa aina mbili za terapia, na kwenye ile iliyofanya vizuri zaidi kama 58 kati ya 100 dalili zilishuka kiasi cha kusema ugonjwa wa kiwewe, yale majeraha ya akili yanayobaki baada ya mateso, umetulia, ile nyingine kama 41. Na kwenye hiyo nyingine 39 kati ya 100 walikatisha njiani. Sasa wanaopenda terapia watakusomea hiyo 58 tu. Mi nawaangalia wale 42 waliobaki, walikuja, walilia, wengine walimaliza vikao vyote, na bado. Hao nao tuwaambie nini, kwamba hawakujitahidi?

Mi nilifanyiwa ile ya kamba. Unatandika kamba sakafuni, ndo maisha yako toka kuzaliwa, kwenye mabaya unaweka jiwe, kwenye mazuri ua. Mawe niliokota nje, hapo hatukuhangaika, maua ndo tukakosa ikabidi tutumie vifuniko vya soda. Dada aliyekuwa ananisikiliza aliniacha nipange mwenyewe. Nikaweka mawe sita karibu karibu pale kwenye umri wa miaka nane mpaka kumi na moja, vifuniko hamna. Akauliza taratibu, "kaka, hapa katikati hakuna hata mtu mmoja aliyekupa chakula?" Nikakumbuka mayu wa jirani, bibi wa Kisukuma, alikuwa ananipitishia viazi dirishani. Nikaweka kifuniko kimoja, cha Mirinda. Nililia kwa ajili ya kile kifuniko kuliko yale mawe yote sita, mpaka leo sielewi.

Hiyo njia walishawahi kuijaribu kambi ya Imvepi, Uganda, kwa wakimbizi wa Sudan, vikao vinne tu, na mwaka mmoja baadaye waliobaki na ugonjwa wa kiwewe walikuwa 29 kati ya 100, wakati kwenye makundi mengine mawili walikuwa kama 80. Wale ni watu wa vita lakini, fimbo ya ndani kwa ndani ni kitu kingine, aliyekupiga mnagawana jina la ukoo. Na sio kila mahali terapia inashika hivyo. Moshi na Bungoma ya Kenya walifanya terapia nyingine, sio ya kamba, na watoto yatima 640, washauri wenyewe watu wa kawaida waliofundishwa, baada ya mwaka Bungoma tofauti bado ipo, Moshi haionekani tena, waliopata terapia na wasiopata wako sawa.

Mi naona tunapima nusu. Tunampima mtu, hatupimi nyumba anayorudi. Ule uchunguzi wa 2009 wa ukatili kwa watoto hapa Tanzania ulikuta karibu robo tatu ya wasichana na wavulana walipigwa kabla ya miaka 18, tena wapigaji wakubwa ni ndugu na walimu. Maana yake hao wapigaji tunao, tunakula nao pilau. Mshauri wako hawezi kukufuta kwenye grupu la ukoo. Na mdogo ndo anaanza kuamkia, hiyo haina mjadala. Miaka ile nikimuona baba mdogo "shikamoo" ilikuwa inakwama hapa kooni, shangazi wananisema nina kiburi cha mjini. Sasa hivi inatoka. Inatoka kavu, anaitikia marahaba, naenda kukaa mbali. Kumsamehe sijamsamehe na dada wa kamba hakuwahi kuniambia nisamehe, nadhani ndo maana nilirudi kwake mara zote zile.

Mwezi ujao tuna sendofu ya binti wa shangazi, ukumbi uko Nyakato, baba mdogo ametajwa meza ya mbele. Mchango nimeshatuma. Nimemwambia mke wangu tutakwenda, ila tuwahi, tupate viti karibu na mlango.