Sikuburutwa na Gari, Nilikuwa Nalisindikiza

Mbukwenyi wadau. Najua mmeshaiona ile video. Dada yangu aliyeko Mwanza amenipigia usiku kuuliza kama mkono bado upo. Upo, na ndio unaoandika. Tatizo ni maneno aliyoyaweka juu yake yule rafiki yangu niliyekuwa namwita ndugu mpaka jana jioni: "Mwamba akiburutwa na Land Rover yake mwenyewe." Kuanzia hapo imezunguka magrupu yote ya Dodoma, la kwaya likiwemo. Basi naomba tuelewane mapema. Sikuburutwa. Nilikuwa nalisindikiza.

Mkweche wenyewe mnaujua. Ni Land Rover Series III, ile fupi ya inchi 88, kizazi kilichotengenezwa Uingereza kuanzia 1971 mpaka 1985. Milango yake ina vioo vya kusukuma pembeni, si vya kuzungusha, na mlango wa dereva haufunguki kwa nje. Ukitaka kuingia unasukuma kioo, unapitisha mkono, unavuta kikomeo cha ndani. Nimekuwa nikisema nitakitengeneza kile kitasa. Hilo la kitasa mlishike, tutalihitaji.

Halafu kuna tela. Wanaonifuatilia mliliona likizaliwa: ekseli ya nyuma ya pikapu iliyokufa, maspringi nimeyapunguza majani yasiwe magumu, chesisi ya chuma cha pembe nne, yote nimechomelea mwenyewe uani huku mama watoto akiniuliza kama hiyo cheche haitaunguza kanga zake. (Iliunguza moja. Yameisha.) Juu nikafunga tenki la plastiki la lita 1,000, kwa sababu huku kwetu Ntyuka maji ya mgao yana tabia ya kuja mkiwa msibani. Tenki nililifunga kwa mpira wa kukata, ule wa tyubu, ambao waendesha bodaboda wanafungia mpaka makabati. Kama mpira unabeba kabati mpaka Kikombo, nikasema, maji yatakuwa nini?

Maji lita 1,000 ni tani moja kamili, wadau. Na ni tani inayocheza. Ukikata kona yenyewe bado inakwenda mbele.

Sasa jana tunatoka kuchota kisimani kwa shemeji upande wa Ilazo, mimi na huyo rafiki. Tunaanza kupanda kwetu, gurudumu la nyuma likaingia kwenye mfereji uliochimbwa na mvua, nikakanyaga mafuta, nikasikia "kaa!" Injini inanguruma, gari limetulia. Shafti ya nyuma, ile fimbo ya chuma inayozungusha gurudumu, imekatika. Ndiyo ugonjwa wao hawa wafupi, ukiwabebesha mzigo shafti ndiyo ya kwanza kuomba ruhusa. Lakini Land Rover haikuachi njiani: nikabonyeza kirungu cha njano, fowili (magurudumu ya mbele nayo kupata nguvu ya injini) ikaingia, magurudumu ya mbele yakatuvuta polepole mpaka nyumbani. Hapo nilijisikia mwanaume. Nakiri nilisema kwa sauti, "Gari ni hili, hizo nyingine ni sabuni za kuogea."

Nikapaki mbele ya geti, pua inatazama mlimani, tela nyuma linatazama mteremkoni. Chini ya mteremko, ng'ambo ya njia, ndiko kwa balozi wetu wa nyumba kumi. Jana chini ya mwarobaini wake kulikuwa na kikao cha harusi ya binti yake: viti vya plastiki, meza yenye daftari, kreti mbili za soda. Pembeni ya meza, juu ya turubai, mke wa balozi alikuwa ameanika mlenda aliokwisha kuutwanga, wa kuwatumia watoto wake Dar es Salaam. Hilo nalo mlishike.

Nikazima injini, nikavuta handibreki mpaka ikalia. Gari limetulia kabisa. Rafiki akashuka, akakaa juu ya jiwe letu kubwa la kuzuia tairi, akatoa simu. Mimi ndiye niliyemwomba arekodi, nataka kuwaonyesha tela likiwa na mzigo. Ndipo akasema sentensi ambayo kwenye video haimo, kwa sababu alikuwa bado hajabonyeza:

"Kaka, toa fowili. Utaua gia boksi."

Ushauri huo ni wa kweli kabisa kwa gari zima kwenye ardhi kavu. Mafundi wote wazee watakuambia hivyo. Kwa gari lenye shafti iliyokatika nyuma ni ushauri wa muuaji. Handibreki ya hizi Land Rover za zamani haishiki magurudumu. Kuna dramu moja nyuma ya gia boksi inayobana propela ya nyuma, ile fimbo ndefu inayopeleka nguvu kwenye ekseli. Propela ikibanwa, difu (lile boksi la meno kwenye ekseli linalogawia magurudumu nguvu) inabanwa, shafti zinabanwa, gari linatulia. Sasa toa shafti moja humo. Umebana propela vizuri sana, meno ya ndani ya difu yanajizungukia, na magurudumu yako huru kwenda yanakotaka. Kilichokuwa kinatushikilia pale ni fowili peke yake, maana ikiwa ndani imefunga propela ya mbele na ya nyuma pamoja, na handibreki inashika mpaka miguu ya mbele.

Haya yote nayajua. Nilishawahi kuwaeleza hapa hapa, mkanipa na maua.

Nikaweka mguu kwenye breki, nikavuta ule mkono mwekundu wa gia nyuma, nikausukuma tena mbele. Kirungu cha njano kikaruka juu, tap! Nikatoa mguu, nikashuka, nikafunga mlango kwa madaha, nikageukia kamera. Video inaanzia hapo. Mnaniona natabasamu, nasema, "Wadau, hili tela ni…"

Nyuma yangu kokoto zinasema krr.

Mnaoangalia video mnaona gari linaondoka nyuma ya kichwa changu. Mimi sikuona. Niliona uso wa rafiki yangu. Mdomo umefunguka, jicho limetoka, lakini simu imetulia tuli, mkono hautikisiki hata kidogo. Mtu anayejua kuwa anapata kitu.

Nikageuka. Lilikuwa linatembea mwendo wa mzee anayetoka msikitini. Ningelipata. Nikakimbilia mlango, nikavuta kitasa. Kitasa! Nikasukuma kioo, nikaingiza mkono mpaka begani, natafuta kikomeo, gari limeongeza mwendo, nami natembea kinyumenyume, kisha nakimbia kinyumenyume, kandambili moja imekatika, ya pili inanisaliti. Kikomeo nimekipata lakini mwili wangu wenyewe ndio unaozuia mlango kufunguka. Kutoa mkono siwezi, kioo kimejirudisha kikanibana kwenye kiwiko. Kile kirungu cha njano nakiona kabisa, kiko ng'ambo ya kiti, kinanitazama.

Tukavuka njia, mimi na gari. Tukaingia uwanja wa balozi.

Sijui kwa nini nilifanya nilichofanya. Nadhani ni malezi. Mbele yangu wamekaa wazee, mabalozi wa mitaa ya jirani, mama wa bwana harusi na kilemba chake, na mimi napita mbele yao ubavuubavu, mkono umeingia garini, mguu mmoja peku. Mdomo ukafunguka wenyewe:

"Shikamooni!"

Na wakaitikia. Hilo ndilo linaloniuma mpaka sasa. Kikao kizima, kwa sauti moja: "Marahaba!" Mzee mmoja akaongeza, "Hujambo?" Nikamjibu sijambo.

Baadaye nimeambiwa kwamba wakati ule mweka hazina alikuwa anasoma walioahidi mchango na hawajatoa, na alikuwa ndio kwanza ametamka jina langu. Balozi akainua macho akasema, "Si huyo hapo anakuja mwenyewe."

Tela likirudi nyuma bila mtu kwenye usukani haliendi mbali limenyooka. Likaanza kukunja. Pua ya tela kulia, mgongo kushoto, vyuma vinalia, gari nalo linalisukuma, mpaka kona ya nyuma ya Land Rover ikagonga ubavu wa tela na vyote viwili vikasimama. Kioo kikaniachia. Kimya. Nikasema moyoni, Mungu mkubwa, hakuna aliyeguswa.

Maji yalikuwa bado hayajapata taarifa kwamba tumesimama.

Tani nzima ikaenda upande mmoja. Mpira ukavutika, ukavutika, ukawa mwembamba, ukasema pwa. Tenki likainama taratibu, likajilaza juu ya ukingo wa tela, mfuniko ukaruka, na maji yakashuka kwa wingi ambao Ntyuka hatujawahi kuuona kwenye bomba. Yalielekea moja kwa moja kwenye turubai la mlenda.

Kwa ndugu zangu wa pwani ambao hawajui: mlenda mkavu ni unga mtulivu, hauna neno na mtu. Ukikutana na maji unakumbuka kazi yake. Debe zima lilisambaa miguuni mwa kikao, na wazee walikuwa ndio wanainuka. Wa kwanza kuteleza alikuwa mweka hazina, akaondoka na daftari. Akamshika mwenzake wa kulia. Huyo akashika meza. Viti vya plastiki vilikwenda kama watoto wanaoserereka kwenye jabali. Mama wa bwana harusi hakuanguka, ila alisafiri. Akiwa amesimama wima, mkoba kifuani, uso mkavu, alihama kutoka mwarobaini mpaka ukutani bila kuinua unyayo. Mimi nikamkimbilia nimdake, nikafika chini kabla yake.

Nikiwa nimelala hapo nikasikia sauti ya mke wa balozi, taratibu kabisa, bila hasira: "Mlenda wangu umeivia nje."

Na yule rafiki? Sikilizeni vizuri video dakika ya mwisho. Kuna sauti inasema, "Subiri, subiri, usiinuke kwanza." Ni yake. Na jiwe alilokalia hakuliacha hata mara moja.

Yaliyofuata ni ya kawaida. Watoto wa mtaa walikuja na ndoo wakakinga yaliyobaki kwenye tenki, hawakuniachia hata la kunawa. Hakuna aliyeumia zaidi ya heshima. Mwenyekiti wa mtaa alipita, akatazama, akaondoka. Nimelipa debe la mlenda na mchango wa harusi jioni ile ile, kwa simu, mbele ya mashahidi, pamoja na nyongeza ambayo mweka hazina aliiita ya usumbufu. Kikao kimenipangia kuleta maji siku ya sherehe, kwa sharti niyalete kwa mkokoteni wa punda. Bodi ya gari imekunjika kona ya kushoto. Ni alumini, hizi Land Rover zilianza kuvalishwa alumini mwaka 1948 kwa sababu chuma kilikuwa adimu Uingereza baada ya vita, kwa hiyo haitashika kutu, ila nyundo lazima ipite. Tenki zima. Tela nitalifunga mikanda ya lori.

Kilichobaki ni shafti. Leo asubuhi nimeletewa moja iliyotumika, nimejaribu kuiingiza, haifiki. Difu ya hizi gari haikukaa katikati, imesogea kulia, kwa hiyo shafti za nyuma hazilingani: ya kulia fupi, ya kushoto ndefu. Nimeletewa fupi. Mwenye ndefu, ya kushoto, ya Series fupi, iwe Dodoma, Kongwa, hata Mpwapwa, anitafute nitaifuata mwenyewe. Kwa basi.