Visa ya mwenza Uingereza: msiuze shamba kabla ya kuangalia tarehe

Ukifunga ndoa na raia wa Uingereza, au na Mtanzania mwenzako aliyepata ukaaji wa kudumu kule, itafika siku utajiwe kipato kinachotakiwa ili upewe visa ya kuishi naye kule: pauni 29,000 kwa mwaka. Huku kwetu Nyanda za Juu Kusini, kinachofuata ni kikao cha ukoo. Shangazi anaahidi, mjomba anaahidi, kikoba kinavunjwa kabla ya wakati, na ekari mbili za parachichi kule Rungwe zinatafutiwa mteja wa haraka. Moyo huo nauheshimu. Lakini sehemu kubwa ya fedha hizo haimsaidii mwombaji, kwa sababu ofisa wa visa haangalii wingi wa fedha peke yake. Anauliza ni za nani, zimetoka wapi, na zimekaa kwenye akaunti tangu lini.

Kiwango hicho kilianza tarehe 11 Aprili 2024. Kabla ya hapo kilikuwa pauni 18,600, tangu mwaka 2012. Nyongeza ya kila mtoto iliyokuwepo zamani imeondolewa. Kinachopimwa ni kipato cha mdhamini, yaani mwenza mwenye uraia au ukaaji wa Uingereza, kabla ya kodi. Mwombaji aliyeko huku, awe muuguzi Mbeya mjini au mwenye duka la jumla Mwanjelwa, mapato yake ya kazi hayahesabiwi hata shilingi. Watu wanapakia kurasa na kurasa za mauzo ya duka wakidhani zinaongeza uzito. Haziongezi. Akiba ya mwombaji ndiyo inayohesabiwa, na nitaifikia.

Kwa maoni yangu kiwango hiki ni kizito kupita kiasi kwa watu wa kawaida. Chukua kazi ya kulea wazee, ambayo ndugu zetu wengi wanaifanya kule. Kwa kima cha chini cha pauni 12.21 kwa saa kilichokuwepo kuanzia Aprili 2025, saa 40 kwa wiki, mwaka mzima, zilileta takriban pauni 25,400. Mtu anafanya kazi kutwa, analipa kodi, na bado anaambiwa hana uwezo wa kuishi na mkewe. Hilo si haki. Ila hadi sheria ibadilike, ombi linapimwa kwa sheria iliyopo.

Njia nyepesi ni mshahara wa mdhamini aliyekaa kwa mwajiri mmoja miezi 6 au zaidi. Anahitaji hati za mshahara za miezi hiyo 6, taarifa za benki za miezi hiyohiyo zikionyesha kila mshahara ukiingia, na barua ya mwajiri. Maombi mengi yanakwama kwenye barua hiyo. Haitoshi kuandika kwamba fulani ni mfanyakazi wetu mwaminifu. Inatakiwa itaje mshahara wa mwaka kabla ya kodi, ameajiriwa tangu lini, amelipwa kiwango hicho kwa muda gani, na ajira ni ya aina gani: ya kudumu, ya mkataba wa muda au ya kupitia wakala. Kikikosekana kimoja, ombi linaweza kukataliwa hata kama fedha zipo. Anayelipwa mshahara wa mwezi hupimwa kwa mwezi ulio chini kuliko yote. Anayelipwa kwa saa hupimwa kwa wastani. Na mdhamini asibadilishe kazi miezi miwili kabla ya kuomba, hata kama kazi mpya inalipa zaidi, kwani chini ya miezi 6 anaingia kundi lingine: mshahara wa sasa ufike 29,000, na jumla aliyopokea miezi 12 iliyopita nayo ifike hapo.

Mshahara usipofika 29,000, akiba inaweza kuziba pengo, ila hesabu yake ni kali. Pauni 16,000 za mwanzo hazihesabiwi kabisa. Juu yake unaweka pengo mara 2.5. Mdhamini wa pauni 24,000 ana pengo la 5,000, kwa hiyo anahitaji akiba ya 28,500. Asiye na kipato chochote anahitaji 88,500, karibu shilingi milioni 300. Hata pengo la pauni 1,000 tu linadai akiba ya 18,500, ndiyo maana namshauri mdhamini atafute saa chache za ziada au kibarua cha pili chenye hati za mshahara kabla ya kugusa mali ya familia.

Akiba hiyo iwe kwa jina la mwombaji, mdhamini au wote wawili, na ikae miezi 6 bila salio kushuka chini ya kiasi hata siku moja. Zawadi ya wazazi inakubalika ikikaa miezi hiyo 6 na ikiwa si mkopo. Tatizo ni michango ya mwishoni. Taarifa ya benki ikionyesha salio la laki tatu miezi mitano mfululizo, kisha milioni 60 taslimu dirishani wiki mbili kabla ya ombi, milioni hizo hazihesabiwi, na zinazua swali la zimetoka wapi. Fedha zilizoko kikoba hazina taarifa ya benki; zihamishieni benki mapema. Acheni pia nafasi ya kuyumba kwa shilingi, kwa sababu thamani hupigwa kwa kiwango cha siku ya kuomba.

Shamba lina utaratibu wake, na watu wetu waujue. Ardhi au nyumba ikiuzwa ndani ya miezi 6 kabla ya ombi, fedha zinaweza kuhesabiwa bila kusubiri tena, mradi mali ilikuwa ya mwombaji au mdhamini tangu mwanzo wa miezi hiyo na kuna ushahidi wa umiliki na wa mauzo. Shamba la baba halimo. Karatasi ya mauziano iliyosainiwa mbele ya mwenyekiti wa kijiji bila usajili wowote ni ushahidi dhaifu sana. Na miti ya mbao ya Mafinga si ardhi: ukiuza miti ukabaki na shamba, fedha zake zinaanza kuhesabiwa miezi 6 kama akiba nyingine.

Wapo pia Waingereza wanaoishi Iringa na Njombe, walimu na watu wa miradi, wanaotaka kurudi kwao na wenzi wao. Hao wakitegemea mshahara, wanahitaji kipato cha huku kinachofika kiwango na pia ajira iliyothibitishwa Uingereza, inayoanza ndani ya miezi 3 baada ya kurudi. Posho ya kujitolea haiwezi kufika huko, hivyo wengi hubakia kutegemea akiba.

Nyaraka za Kiswahili zitafsiriwe zote, zikiwa na jina, saini na mawasiliano ya mfasiri, na ombi liingie ndani ya siku 28 tangu tarehe ya taarifa ya mwisho ya benki. Tengeni pia fedha za ombi lenyewe: ada ya visa, iliyokuwa pauni 1,938 kuanzia Aprili 2025, na tozo ya afya, ya kutumia huduma za hospitali za umma kule, ya pauni 3,105. Ombi likikataliwa, tozo ya afya hurudishwa. Ada ya visa hairudi.