Fundi, Usitupe Pikapu Bila Kuniuliza

Jumamosi nilikwenda Kariakoo kuchukua gitaa langu kwa fundi. Nililipeleka kwa sababu lilikuwa linavuma. "Kaka, ule mvumo nimeumaliza," akaniambia. Nikachomeka, nikapiga. Kweli mvumo umekwisha, na gitaa langu nalo limekwisha.

"Pikapu zake ziko wapi?"

"Zile? Nimetupa, zilikuwa zimechoka. Nimekuwekea za kisasa."

Inaniuma mpaka leo. Watu wanahangaika na mbao na rangi, lakini kinachofika kwenye ampli kinatoka kwenye pikapu. Ni sumaku iliyozungushiwa waya wa shaba mwembamba kama unywele, mizunguko maelfu. Kwenye magitaa ya Stratocaster ya zamani inakaribia 8,000. Uzi wa chuma ukitikisika juu yake, umeme mdogo unazaliwa ndani ya ule waya. Umeme huo ndio sauti yako. Ukiongeza mizunguko unapata nguvu, ila ile ncha kali ya juu inafifia. Na ncha hiyo ndiyo dansi letu! Zisikilize bendi za Msondo au Sikinde: solo, rizimu na besi wanaongea bila kukatizana, kila gitaa lina nafasi yake. Mpe kila mmoja pikapu nene ya kupigia roki uone watakavyorundikana pamoja, usijue nani kasema nini.

Hata mahali ilipofungwa pikapu panabadilisha kila kitu. Karibu na daraja, pale nyuzi zinapoegemea chini, uzi unacheza kidogo, sauti inatoka kali. Karibu na shingo inatoka ya mviringo. Ndiyo maana mpiga solo anagusa swichi ya kuchagua pikapu chemko, ile sehemu ya kasi ya wimbo, likianza.

Haya, mvumo ni kero, sibishi. Pikapu ya koili moja, yaani fungu moja la waya uliozungushwa, inadaka umeme wetu wa hetsi 50 pamoja na kila taa ya ukumbini. Seth Lover wa kampuni ya magitaa ya Gibson aliupatia dawa mvumo huo mwaka 1955: koili mbili zilizofungwa kinyume, mvumo wa hii unaua wa ile. Kazi nzuri sana. Lakini fundi angeanza kwa kukagua waya wa ethi na kubandika karatasi ya shaba ndani ya tundu la pikapu. Au angenipigia simu tu.

Jumatatu nilirudi nikachambua boksi lake la vyuma chakavu. Nimepata moja kati ya tatu, ya shingoni, waya umekatika. Nikaipeleka mtaa wa Gerezani kwa mzee anayesuka mota. Nikamwamkia, akaitikia, akaishika kwa vidole viwili na kuielekeza kwenye mwanga.

"Hii mota ya nini, mwanangu?"

Nikamweleza. Akakaa kimya, akiufuata waya kwa ukucha mpaka pale ulipokatika.

"Umekatikia nje, haujaharibika ndani. Njoo Ijumaa, uje na gitaa lenyewe tulisikie."