Majengo ya shule kongwe Moshi na Arusha: tubomoe au tukarabati?

Majengo ya shule kongwe za Kilimanjaro na Arusha yakianza kuvuja, mabishano huwa yale yale. Upande mmoja unataka yabomolewe, yajengwe ya kisasa. Wengine, hasa waliosoma pale, hawataki hata dirisha libadilishwe. Mimi nipo upande wa kukarabati, ila sitegemei hoja ya kumbukumbu. Kumbukumbu za wahitimu ni za thamani, lakini hazimsaidii mwanafunzi wa leo kusikia somo. Ninayatetea majengo haya kwa sababu mengi bado ni madarasa bora kuliko yale tunayotaka kuyaweka mahali pake.

Tuangalie ujenzi wenyewe. Wamisionari wa Kilutheri kutoka Leipzig, Ujerumani, walipofika Kilimanjaro mwaka 1893, wakati Wakatoliki wameshatangulia Kilema, walikuta mlima umejaa mawe ya volkano. Ukuta mnene wa mawe hupata joto polepole na kupoa polepole, kwa hiyo mchana wa Februari, Moshi ikiwaka, ndani bado panakalika. Dari iko juu. Baraza refu huzuia jua la mchana, na mvua ya masika haipigi dirishani. Madirisha yapo pande mbili yakitazamana, hewa inapita na mwanga unafika hadi dawati la nyuma. Linganisha na darasa la tofali la inchi sita chini ya bati tupu lisilo na dari: mvua kubwa ikianza, mwalimu ananyamaza na kungoja iishe.

Silaumu ujenzi wa haraka. Mwaka 2021 Serikali ilielekeza sehemu ya mkopo wa Sh trilioni 1.3 wa Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF) kwenye madarasa 15,000, kwa Sh milioni 20 kila moja, na bila madarasa hayo watoto wengi wangekosa pa kukaa. Tatizo ni pale ramani ya dharura inapogeuka kuwa kipimo cha ubora, tukaiona kuwa sababu ya kubomoa jengo lililofikiriwa vizuri zaidi.

Wanaotaka kubomoa wana hoja nzito, na nzito kuliko zote ni tetemeko. Septemba 2016 majengo ya sekondari ya Ihungo, Bukoba, yaliharibika kiasi kwamba shule ilibidi ijengwe upya. Arusha nayo imepakana na Bonde la Ufa. Julai 2007 ardhi ilitikisika kuanzia Gelai, karibu na Ziwa Natron, na mji mzima ukahisi. Ukuta wa mawe usio na nondo wala lenta (mkanda wa zege) iliyozunguka jengo zima unaweza kumwangukia mtoto. Hapo mapenzi ya historia hayana nafasi. Kuhusu mapaa ya asbesto, ambayo vumbi lake hudhuru mapafu, hofu ni ya haki, ila kubomoa kiholela kunatimua vumbi lile lile linaloogopwa. Paa hilo lazima liondolewe na wataalamu, jengo libaki au lisibaki.

Wapo pia wanaouliza kwa nini tutunze majengo ya mkoloni. Arusha School ilifunguliwa mwaka 1934 kwa ajili ya watoto wa Kizungu, na nafasi waliyotengewa hao wachache inauma ukikumbuka Waafrika walisomea wapi. Lakini ubaguzi wa rangi shuleni ulifutwa kuanzia 1962. Tangu hapo shule hiyo imekuwa ya Watanzania kwa zaidi ya mara mbili ya miaka iliyokuwa ya Wazungu. Ni yetu, na sioni sababu ya kuikana.

Wengi hudhani sheria inayalinda majengo haya. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda moja kwa moja majengo ya kabla ya 1863. Shule za Wajerumani na Waingereza zote ni za baadaye, hivyo bila tangazo la Waziri uamuzi hubaki kwa mwenye shule, awe halmashauri au dayosisi.

Ukarabati wenyewe nao unaweza kuua jengo, na jambo hili linanisikitisha kuliko ubomoaji. Ukuta wa zamani uliounganishwa kwa udongo au chokaa hupumua: unyevu unaingia na kutoka. Ukiupiga plasta ya saruji na rangi ya mafuta, maji yanafungiwa ndani, chokaa inalika, plasta inavimba na kubanduka. Miaka michache baadaye watu wanaonyesha ukuta huo kama ushahidi kwamba jengo limechoka. Plasta ya chokaa inahitaji fundi mvumilivu, na mafundi hao wanapungua.

Kwa hiyo kabla bodi haijapiga kura, mhandisi na fundi wa mawe wapande darini wakague kenchi, kisha washuke wafuatilie nyufa hadi kwenye msingi. Ukuta uliopasuka kutoka msingi hadi juu ubomolewe bila kuoneana haya, na mawe yake yatumike tena. Ramani ya jengo jipya iwe na baraza, dari ya juu na madirisha ya pande mbili, na gharama zake ziingizwe kwenye bajeti tangu siku ya kwanza.