Baba Wawili, Daftari Moja

Kwa miaka miwili nilishika daftari la mahudhurio katika karakana ya kuchomea vyuma hapa Lubumbashi. Asubuhi moja fundi aliingia, kofia mkononi. "Patro, baba amekufa." Patro, yaani mwenye karakana, akamtazama. "Baba gani tena? Baba yako si tulimzika mwaka jana?" Fundi hakupandisha sauti: "Ule alinizaa. Huyu ndiye alinisomesha."

Wote wawili wakanigeukia mimi. Niandike nini: msiba au utoro?

Sheria ya kazi ya Kongo, ya Oktoba 2002, inapima msiba kwa ukaribu wa damu au wa ndoa. Mzazi, mtoto, mume au mke akifa, unapata siku nne za kazi. Ndugu wa tumbo moja, au babu na bibi, siku mbili. Baba mdogo, kama huyu aliyemsomesha fundi, yuko daraja la tatu la ukoo, na hapo sheria imenyamaza. Kwa hiyo patro alikuwa na sheria upande wake, na fundi hakuwa amesema uongo.

Patro nilimwelewa. Mafundi walikuwa saba tu. Trela imelala uani, mwenye lori anataka kuondoka kwenda Kasumbalesa mpakani, na mafundi wawili wako kilioni. Lakini hoja iliyonigusa zaidi haikuwa ya pesa. Palikuwa na kijana mmoja asiye na ukoo mkubwa mjini. Kila wenzake walipofiwa, yeye ndiye aliyebaki na kazi yao, kwa mshahara uleule. Ukiwaonea huruma sita, umemwonea wa saba. Na waongo wapo, tusidanganyane: katika daftari langu yumo bibi aliyekufa mara mbili, mara ya kwanza Likasi, mara ya pili Kipushi.

Hata hivyo, wanaoita tabia hii uvivu wanasahau mji huu ulivyojengwa. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1920, Union Minière, kampuni ya migodi ya Wabelgiji, iliamua wafanyakazi wakae kambini na familia zao, ikagawa posho kwa kuhesabu mke na watoto. Mwajiri ndiye aliyechora mpaka wa familia. Mjomba na shangazi wakabaki nje. Kampuni ya serikali iliyokuja kuitwa Gécamines ilipochukua migodi mwaka 1967, iliendelea kubeba shule na hospitali. Kisha mishahara ikaanza kuchelewa miezi na miezi, na kuanzia mwaka 2003 zaidi ya wafanyakazi 10,000 wakaondoka kwa mpango ulioitwa wa hiari. (Hiari gani, ya mtu asiyelipwa?) Nani aliwalipia watoto shule baada ya hapo? Mara nyingi ni haohao ambao posho haikuwahesabu.

Ndiyo maana mfanyakazi wa hapa yumo katika madaftari mawili. La kwanza nililishika mimi. La pili hufunguliwa kilioni, mezani pale turubai linapoanzia, na ndani yake huandikwa nani ametoa franga ngapi. Ukikosa katika langu, umekatwa siku moja. Ukikosa katika lile, siku utakapofiwa wewe utakaa na jeneza peke yako. Mtu mwenye akili timamu atachagua lipi?

Wengine husema: basi waachieni wafanyakazi wenyewe waamue, wao wanajuana. Ni kweli wanajuana. Ila katika kiwanda cha Hawthorne, karibu na Chicago, mwaka 1931 hadi 1932, watafiti walikaa na wanaume 14 waliokuwa wakiunganisha nyaya. Wakaona kikundi kimejiwekea kiwango chake cha kazi: aliyezidisha alipigwa ngumi ya bega, na taarifa za kazi zilisawazishwa ili bosi asione tofauti. Kikundi kinajua ukweli kuliko bosi, lakini pia kinaweza kuuficha. Yule bibi aliyekufa mara mbili, nina hakika karakana nzima ilikuwa na habari zake.

Mimi ningefanya hivi: juu ya siku za sheria, kila mtu apewe idadi ileile ya siku za msiba kwa mwaka, achague mwenyewe ni nani wa kumlilia. Hakuna kuulizwa baba yupi. Mwenye ukoo mdogo asiyezitumia alipwe siku zake Desemba. Itamgharimu patro, sikatai, na wapo watakaozinywa hizo siku katika baa za Kamalondo. Lakini kijana wa saba atapata chake, na uongo utakosa kazi.

Nilimweleza patro. Akasema atafikiri. Fundi alipewa siku mbili, ya tatu akakatwa. Miezi michache baadaye mjomba wa patro alifariki, karakana ikafungwa siku tatu, na sote saba pamoja nami tukaenda kukaa chini ya turubai lake. Daftari langu lilikuwa limefungiwa kabatini.