Sikumrukia Mama Mkwe, Nilikuwa Nadaka Picha

Wale mnaonitumia stika za golikipa akiwa hewani, naomba mpumzike kidogo. Nimeziona. Mke wangu ameziona. Shemeji zangu wa Muheza nao wameziona, na mmoja amenitumia sauti ya dakika mbili ambayo dakika moja na nusu ni kicheko tupu.

Bestimeni wangu, mtu niliyemshonea suti kwa hela yangu, ametangaza kwenye magrupu matatu ya WhatsApp kwamba Jumapili nilimrukia mama mkwe katikati ya sala. Neno lenyewe alilotumia ni hilo, "kamrukia". Sasa, ni kweli nilikuwa hewani. Ni kweli "Amina" ilikuwa haijafika. Lakini ipo sababu, na sababu hiyo ina uzito wa kilo tisa na nusu. Nimeipeleka kwa Mangi, nimeipima kwenye mizani ya mchele.

Ile picha mnaijua, niliwaringia nayo hapa hapa mwezi uliopita. Nilinunua Bagamoyo kwa kijana mmoja anayechonga lino, kile kipande laini cha kuchongea chapa. Anauchonga mchoro kwa kisu, anapaka wino, analaza karatasi juu yake, anagandamiza, anabandua. Kisha pale chini anaandika kwa penseli hii ni nakala ya ngapi kati ya ngapi alizotoa. Yangu ni 7/30. Wanawake wawili wanasubiri mashua, weusi kwa weupe, imetulia. Elfu arobaini. Hiyo 7/30 ishikeni, tutairudia.

Nikaenda kwa fundi fremu. Akapima, akasema 85,000: mbao, kioo, na ile karatasi ngumu ya kuzungushia ndani ili picha isigusane na kioo. Akanieleza vizuri tu kwamba kwa unyevu wetu huu wa Dar, karatasi ikilalia kioo inanata, na siku ukitaka kuitoa unatoka na nusu, nusu inabaki kwenye kioo. Nikamshukuru. Moyoni nikasema huyu ananiona mshamba. Nguo imzidi bei anayeivaa?

Basi nikawa fundi mwenyewe.

Nilikwenda Keko, nikaokoteza vipande vya mninga vilivyobaki kwenye vitanda vya watu, elfu sita, na seremala akanikatia zile pembe bure, nadhani kwa huruma. Kioo nilikuwa nacho: rafu ya stendi ya TV iliyovunjika miguu tangu enzi za ukapera. Nikaipeleka kwa fundi vioo anikatie sentimita 60 kwa 80. Akaigonga na kucha, akaniangalia. "Bosi, hiki cha meza. Milimita tano. Picha tunaweka cha mbili au tatu."

Nikamwambia kinene ndiyo imara.

Jamani, kuna hesabu ambayo ningeifanya siku ile nisingekuwa stika leo. Kioo cha mita moja ya mraba kina kilo mbili na nusu kwa kila milimita ya unene wake. Cha kwangu peke yake kilo sita. Weka mninga, ambao si mti wa mchezo. Weka hadibodi ya nyuma. Lakini ndiyo kwanza nilikuwa natafuta manila ya elfu moja ya kuzungushia ndani, na roho yangu inaimba kwamba mpaka hapo nimeokoa mamilioni.

(Bestimeni, kwa haki yake, aliniambia mapema: nenda Morogoro Stores pale Oysterbay, nunua Tingatinga, achana na kioo. Na alikuwa sahihi. Edward Tingatinga alipoanza 1968 alikuwa anapaka rangi za kung'aa za mafuta, zile za baiskeli, juu ya kipande cha hadibodi. Ikikauka imekauka, unapitisha kitambaa, unatundika, na uzito wake ni kama wa sinia. Nikamjibu kwamba mimi ni mtu wa chapa za lino. Nilitamka hivyo kwa mdomo wangu huu.)

Tatizo la mwisho lilikuwa mkataba. Mama mwenye nyumba ameandika kwa mkono, akapigia mstari mara mbili: Mpangaji haruhusiwi kugongelea MSUMARI. Hajakataza mbuzi, hajakataza bendi ya taarabu, amekataza msumari. Na kodi nimelipa ya miezi sita, siwezi kumchezea. Nikaenda Kariakoo, mmachinga mmoja akanionyesha selotepu ile nene inayonata pande mbili. Kwenye boksi kuna kijana amening'inia ukutani kwa mkono mmoja anatabasamu, na pameandikwa kilo 10. Kilo kumi! Mimi picha yangu niliikadiria tatu. Elfu kumi na mbili, nikalipa nikijiona nimemwibia.

Nyuma ya boksi kuna maandishi madogo kama sisimizi. Yanasema usibandike kwenye ukuta unaotoa unga, na ukibandika subiri saa 24 ndipo uning'inize kitu. Niliyasoma Jumatatu.

Jumapili saa nne asubuhi nikabandika. Wageni walikuwa wanaingia saa saba. Ukuta niliouchagua ndio unaopakana na bafu, na ukipitisha kiganja kinatoka cheupe, kama umeshika andazi lenye sukari ya unga. Nilikipitisha. Kikatoka cheupe. Nikakifutia kwenye suruali, nikaendelea na kazi. Picha ikakaa juu ya sofa, imenyooka, nikasogea nyuma nikaiangalia na mikono kiunoni. Mke wangu akapita na bakuli la kachumbari akauliza, "Itashika?" Nikacheka kile kicheko cha wanaume.

Wakaja: mama mkwe, dada yake mkubwa, na mjomba wao ambaye ni mzee wa kanisa. Ni mara yao ya kwanza kukanyaga kwetu tangu harusi. Nyie mnaojua ukwe mnanielewa. Mimi na yule mama hatujawahi kupeana hata mkono. Shikamoo naitoa nikiwa mbali, nimeinama, macho chini. Akikaa sofa hii, mimi nakaa kiti kile cha mlangoni. Ndivyo nilivyofundishwa na ndivyo tulivyoishi kwa amani.

Mama akaiona picha. Akaisogelea, akavaa miwani, akainama pale chini kwenye penseli.

"Baba, hii saba ya thelathini ndiyo maksi alizopata?"

Kabla sijafungua mdomo mama mkubwa akadakia, "Na wewe ukamlipa?"

Nilieleza habari za nakala. Nilieleza kwa adabu na kwa urefu. Mama akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Sawa, baba," kwa ile sauti anayoambiwa mtoto aliyesema ameona simba chooni. Kisha akaenda kukaa. Sofa nzima ya watu watatu, akachagua katikati. Chini ya picha kabisa.

Meza ikajaa pilau, kuku, kachumbari, juisi ya ukwaju. Mjomba akasimama. Tukafumba macho.

Mjomba wetu haombi kwa muhtasari. Alianza kushukuru kwa safari, na safari aliichukua kuanzia Muheza stendi. Alipofika Segera ndipo nikasikia *krrr*. Sauti ndogo, kama mtoto anafungua biskuti kwa siri. Nikafumbua jicho moja.

Kona ya juu kushoto ya picha ilikuwa imeachana na nyumba.

Naomba niseme hapa hadharani, kwa sababu mmachinga wa watu anasingiziwa: gundi haikuachia. Gundi ilishika mpaka siku ya mwisho. Iliyojiuzulu ni rangi. Ukuta ule una plasta, juu yake skimu, ule unga laini wa kusawazishia ukuta, juu ya skimu rangi, na kwa unyevu wa lile bafu hivyo vitatu vilishaachana zamani, vilikuwa vinaishi pamoja kwa ajili ya majirani tu. Sasa picha ilikuwa inaondoka na rangi yake, polepole, kama unavyoinua utando wa maziwa kwa kijiko.

"...tukafika Mkata salama, Baba, gari haikuzima..."

Kona ya kulia nayo *krrr*. Picha ikainama mbele, inamchungulia mama mkwe kisogoni, kama na yenyewe inataka kuombewa.

"...tukavuka daraja la Wami, hili jipya, tukikumbuka lile la zamani..."

Mimi hapo niko mlangoni na jicho moja, nafikiri. Nikipiga kelele, nimekatisha sala ya mzee wa kanisa, na nimekiri mbele ya ukoo kwamba naomba macho wazi. Nikinyamaza, kuna meza ya kioo inashuka juu ya kilemba cha mama. Mnaosema "ungemwambia tu ahame", njooni siku moja mkamwambie mama mkwe ahame wakati anaombewa. Nikamtazama Bestimeni anisaidie. Amefumba macho, amebana uso, kiongozi wa kiroho.

Ukuta ukatoa sauti nyingine, ndefu, kama kanga inachanwa. Mjomba alikuwa anaingia Chalinze.

Sikumbuki kuamua. Ninachokumbuka ni kwamba mguu mmoja ulikanyaga stuli, goti likapita juu ya hotpoti, na mikono yote miwili ikaipokea fremu sentimita chache juu ya kichwa cha mama. Nikaidaka! Mtu asiniondolee hilo. Kioo hakikupata hata mkwaruzo. Ila kilo tisa na nusu zikishuka zinakuja na wewe, na mimi nilikwenda nazo mbele mpaka kifua changu kikakutana na uso wa mama mkwe. Kilemba chake kikanikaa kidevuni. Halafu rangi iliyokuwa nyuma ya picha, kipande kama shuka la kitoto, ikatufunika wote wawili, na unga wa skimu ukamwagika taratibu juu yetu, juu ya sofa, juu ya pilau.

Mama akafumbua macho, akaviona vifungo vya shati langu.

"Yesu wangu," akasema.

Mjomba, macho yamefumbwa, akadhani ameitikiwa. "Ndiyo, mama, Yesu wako! Aliyetutoa Chalinze akatupitisha Mlandizi!"

Na akaendelea. Wadau, akaendelea. Siwezi kuishusha picha, chini kuna mama. Siwezi kurudi nyuma, nyuma kuna meza ya chakula inanigusa mashavu ya miguu. Nimesimama nimemkumbatia mkwe wangu ndani ya shuka la rangi, mikono juu inatetemeka, na kuna trafiki wa Kibaha anashukuriwa kwa kutosimamisha gari. Mama hakusogea. Nasikia tu pumzi yake inapuliza unga kwenye shati langu. Kisha ikaombewa Mbezi. Kisha aliyepika. Kisha, nawaapia, "na huyu kijana wetu, Baba, umjalie utulivu."

Hapo Bestimeni akashindwa na hamu, akafumbua macho. Alichokiona ndicho mnachokijua.

"Amina."

Yaliyofuata ni mafupi. Mama mkubwa alipiga yowe, mke wangu akatoka jikoni na mwiko, picha ikashushwa, pilau la juu likachotwa likatupwa na la chini likaliwa kimya kimya. Mama alijikung'uta, akaomba maji, akala. Mimi nilikula chakula changu uani na Bestimeni, ambaye kila tonge alikuwa anageuka pembeni kucheka. Mama mwenye nyumba aliitwa na yowe. Fundi rangi amechukua 60,000. Nilikuwa nimetumia 27,000 kwa fremu yote badala ya 85,000, kwa hiyo ukipiga hesabu ya fedha tu, ukaacha hesabu nyingine, nimepata hasara ya shilingi elfu mbili.

Ila kuna kitu Bestimeni hakuwaambia, kwa sababu alikuwa anacheka hakukiona. Rangi ilipobanduka, katikati kabisa ya lile pengo, palitokea msumari. Msumari wa zege, wa inchi nne, umepindwa chini na kusilibwa kwa skimu, umeshika ukuta kama jino la mamba. Umekuwepo pale miaka yote. Nilipomwonyesha mama mwenye nyumba akasema kwa uchungu, "Ndiyo huo! Wa mpangaji wa kwanza. Unafikiri ile sheria niliitoa wapi?" Tumejadiliana sana. Amekubali unyooshwe, kwa kuwa mimi sijaugongelea.

Jana usiku mama mkwe akapiga simu. Ni mara ya kwanza kupiga kwangu moja kwa moja, siku zote hupitia kwa binti yake. Nikasimama kupokea, nikatoa shikamoo nimeinama, peke yangu, sebuleni.

"Marahaba, baba. Ile picha ya saba ya thelathini ilivunjika?"

"Hapana mama. Nzima kabisa."

Akanyamaza kidogo.

"Basi ukienda Bagamoyo mwambie yule kijana asikate tamaa. Arudie mtihani."